Vidonge vya DG

Mie Claudine nauza samaki wakavu wa Kasenga, kwa hiyo paka siwapendi, na msiniulize sababu. Ila yule wa jirani yangu Victorine nilimvumilia. Alimwita DG, yaani mkurugenzi mkuu, kwa vile alilala mchana kutwa, akaamka kula tu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kitu. Victorine ni mshonaji hapa Katuba, mjane, hakuzaa. Nyumbani mwake walikuwa watatu: yeye, DG, na Falonne, mtoto wa marehemu mdogo wake, aliyemlea tangu ananyonya.

Mwaka jana DG alianza kutapika, akakonda mpaka mbavu zikaonekana. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Akamminyaminya tumbo, akampima kwa mashine, akasema ni kansa ya utumbo na hatapona. Ila vipo vidonge vya prednizoloni: apewe kipande kila asubuhi, vitamrudishia hamu ya kula na kumpa miezi kadhaa mizuri. Visikatwe ghafla. Victorine alilia njia nzima. "Weye, unalia juu ya paka?" nikamfokea, lakini kikapu nilikibeba mimi.

Haki ya Mungu, DG akarudi! Akala, akanenepa, akaanza tena kuvizia samaki wangu. Victorine alitoka mapema kwenda kununua vitambaa, kwa hiyo kazi ya kumpa kidonge akamwachia Falonne.

Sasa sikieni. Falonne alikuwa karibu kuolewa na Hénoc, na kwetu bibi arusi mwembamba husemwa: watu watadai alinyimwa bukari, ugali wetu, nyumbani. Vidonge vile wasichana wote wanavijua, sokoni vinauzwa vya kunenepesha. Falonne alipoona paka anavyojaa, akaanza kumeza kidonge yeye, DG akapewa ndakala tupu, dagaa bila dawa ndani. Alipoona hakitoshi, akaongeza vya sokoni.

DG akaacha kula, akajificha chini ya cherehani. Victorine akajua ndio mwisho wenyewe. Akamtandikia satini iliyobaki ya gauni la arusi. Satini! Nilipiga kelele mpaka nikachoka.

Siku ileile akamjaribisha Falonne gauni, likakataa kufunga. Victorine hakosei vipimo. Akaushika uso wa mtoto kwa mikono miwili, akaona mashavu yamevimba.

"Falonne, unakunywa nini?"

Msichana akapiga magoti, akasema yote.

Nilingoja kofi. Mie ningempiga kabisa! Victorine alivaa viatu, kimoja changu kimoja chake, akamkokota mpaka hospitali. Huko wakamkuta presha imepanda, wakasema naye asiache ghafla, apunguzwe polepole. Tangu hapo Victorine akawa anavigawa vidonge kwa mkono wake kila asubuhi: cha DG, na cha Falonne kinachozidi kuwa kidogo.

DG akala tena, maskini bwana wa watu. Aliifikia arusi, akalala juu ya zawadi. Baadaye ugonjwa ukamshinda, akafa mapajani mwa Victorine, ameshiba.

Tulipomaliza kumzika nyuma ya nyumba, Falonne alikuwa analia kwa kwikwi. "Mama, ile siku, juu ya nini haukunipiga? Ni miye nilikuwa minamuua paka yako."

Victorine akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Ya paka baliniambia mapema nitamupoteza," alisema. "Ya weye, mutoto yangu, hapana muntu aliniambia."