Ngata ya Bibi wa Mazingara

Nianze na aibu ili tumalizane nayo: nilianguka kichwa chini miguu juu, mbele ya bibi niliyekwenda kumhakikishia kwamba kudansi hakuna hatari yoyote. Na sikuangukia chini hivihivi. Niliangukia makopa yake, mihogo aliyoianika kwenye turubai. Nilipoinuka, suruali yangu nyeusi ilikuwa nyeupe kama nimetoka kusaga.

Ilikuwa hivi. Pale Segera tuna kikundi cha hip-hop. Mchana tunakimbizana na mabasi, huyu na maji, huyu na korosho, jioni tunafanya mazoezi kwenye sakafu ya ghala bovu. Mimi ndiye mwalimu. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikiitwa hivyo huwa nageuka nyuma kuangalia anaitwa nani.

Mchezaji wetu bora ni binti mmoja muuza machungwa. Tulialikwa tamasha Korogwe, na bila yeye sisi ni watu wanaorukaruka tu. Mwenyewe alikuwa anatamani kwenda mpaka usiku halali. Lakini shangazi anayekaa naye akagoma: "Mimi sina kauli. Ruhusa iko kwa bibi yake, kule Mazingara."

Tukaenda watatu: binti, mimi, na rafiki yangu anayebeba spika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni."

Akatutandikia mkeka, akatupa uji. Halafu akasema bila kuzunguka: "Nasikia mnasimama kwa vichwa. Huyu akivunjika shingo, mtanirudishia nini?"

"Bibi, hakuna anayevunjika," nikasema. "Ngoja nikuonyeshe."

Hakuna aliyeniomba. Rafiki yangu alinikanyaga mguu, nikadhani ameteleza.

Tatizo, kofia yangu ya sponji, ile ya kuzungukia kwa kichwa, nilikuwa nimeisahau kwenye basi. Nikaona ngata ya bibi kando ya ndoo ya maji, ile kanga kuukuu wanayoviringisha wanawake wakijitwisha maji. Nikawaza: ngata inabeba ndoo nzima, itashindwa kunibeba mimi?

Ikashindwa. Spika ilipowashwa nilizunguka vizuri kidogo, ngata ikafumuka, nikaondoka nayo moja kwa moja mpaka kwenye makopa. Muziki ukaendelea peke yake. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nikajua tumekwisha.

"Haya," bibi akasema taratibu. "Nimeona."

Binti alikuwa ameinamisha uso, machozi yanamlengalenga. Nilitamani aniseme, hata matusi ningeyapokea. Hakunisema. Aliinuka, akaiokota ngata, akaikung'uta, akaiviringisha upya, akajitwisha ile ndoo ikiwa imejaa pomoni.

"Rudisha mwanzo," akamwambia mwenye spika.

Akacheza. Mabega yanakatika, kiuno kinajibu, miguu inateleza kwenye vumbi kama ipo kwenye sabuni, mikono yote miwili hewani. Ndoo kule juu imetulia, utadhani imepigiliwa misumari. Jirani aliyekuwa anachungulia akapiga kigelegele. Bibi akasogeza kigoda mbele.

Wimbo ulipokwisha, bibi akainuka, akampapasa mjukuu wake mabegani akitafuta maji. Pakavu.

"Hii shingo nimeilea mwenyewe," akasema. "Nenda Korogwe. Ila mambo ya kichwa chini, hapana." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe baba, kaa hapo uchambue makopa yangu. Yameingia mchanga."

Nikachambua. Wenzangu walikunywa uji wa pili, mimi napuliza kipande kimoja kimoja, na bibi akawa anavirudisha vile ambavyo hakuridhika navyo.

Kurudi, tulishukia Mkata. Tukiwa tunasubiri basi la Segera ndipo rafiki yangu akapasuka kicheko, akacheka mpaka akakalia spika yake.

"Mwalimu," akasema akifuta macho, "yule mama wa kijana wetu wa korosho naye amegoma. Jumamosi una nafasi ukaanguke na kwake?"