Nyuzi Sita za Mama Mulwa

Watu wa chini ya vilima vya Mua wakikuambia Mama Mulwa ni mbishi, usiwakatalie. Nzilani, maana hilo ndilo jina lake hasa, alipiga taipu katika ofisi moja mjini Machakos kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa 1998 ofisi ilileta kompyuta, ikamwambia atafute pa kwenda. Hakulia wala hakumlaani mtu. Alitaka tu kujua kile kisanduku kilichomtoa kazini kina nini ndani. Wenzake walijiandikisha kwa masomo ya wiki sita ya kupiga taipu kwa kompyuta. Yeye, na miaka yake thelathini na minne, akajiandikisha uhandisi wa kompyuta, miaka mitatu mizima!

Chuoni hakuonyeshwa kompyuta. Alionyeshwa ubao. Muhula wa kwanza ulikuwa wa hisabati diskriti, yaani hisabati ya vitu vinavyohesabika kimoja kimoja: ndiyo na la, nukta na mistari, nani ameungana na nani. Mwalimu Wachira, mtu mpole mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alisema kompyuta nzima imesimama juu ya hayo, na asiyeyajua atabaki fundi wa kupanguza vumbi. Vijana walinung'unika.

"Mathe, si tulikuja kushika mashine?" Linet, msichana aliyeketi naye dawati moja, alimnong'oneza, akimwita mama kwa lugha ya vijana. "Hii ni nini sasa?"

Nzilani alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Somo lilikuwa limemteka.

Lakini kupenda ni kitu kimoja na kupita ni kingine. Mtihani ulipokuja, alipata thelathini na moja kwa mia. Kwenye kila ukurasa Wachira alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno moja: sababu?

"Majibu mengi ni sawa," mwalimu alimwambia. "Lakini hauko na sababu. Umeandika jibu ukaenda zako."

"Lakini mwalimu, si inaonekana tu?"

"Wewe ndiye unaona. Mimi sijaona."

Sheria ya chuo ilikuwa wazi: anayeanguka karatasi hiyo mara mbili anaenda nyumbani. Angeirudia mwezi wa kumi. Nzilani alitoka pale amefura kwa hasira. Kazi alikuwa hana, na sasa hata hiki kiti cha darasani kilikuwa kinamponyoka kwa sababu ya neno moja.

Kijijini alikuwa katibu wa mwethya, ile desturi ya Wakamba ya kusaidiana kazi, leo kwako kesho kwangu. Kulikuwa na vikundi vitano vya kina mama: wa kuchimba mitaro ya kuzuia udongo, wa kusuka vyondo, vile vikapu vya katani, wa kanisa, wa matangi ya maji, na wa kuku. Balaa ni kwamba karibu kila mama alikuwa katika vikundi viwili, na siku ziligongana. Ukienda kusuka, wa mitaro wanakutoza faini ya karai la kokoto. Mvua zilikuwa zinakaribia na mitaro haijafika nusu, kwa hiyo mwezi wa tisa wakamwambia katibu apange siku upya.

Nzilani akachora nukta tano. Vikundi vyenye mtu mmoja wa pamoja akaviunganisha kwa mstari, maana haviwezi kukutana siku moja. Jibu lilikuja upesi: siku nne. Jumapili ni ya ibada, Jumatatu na Ijumaa ni soko, kwa hiyo Jumamosi nayo iingie kazini.

Kikao kilimrukia. Jumamosi? Siku ya kufua, siku ya mazishi? Munyiva, mama wa miaka sabini aliyesimamia kikundi cha kanisa, aliuliza bila kuacha kusuka, "Kwa nini si tatu?"

"Haiwezekani, mwaitu, mama yangu. Inaonekana tu."

"Wewe ndiye unaona. Mimi sijaona."

Maneno yalikuwa yale yale ya Wachira, tena bila wino mwekundu.

Akachukua nyuzi za katani zilizokuwa mapajani mwa wasukaji, akawasimamisha wakuu wa mitaro, vyondo, kanisa na matangi, kila mmoja kona yake. "Nani yuko mitaro na pia vyondo?" Mama mmoja, Syokau, akainua mkono, akapewa uzi aunyooshe kutoka kwa mkuu huyu mpaka kwa yule. "Mitaro na kanisa?" Mwingine akainuka. Zilipofika nyuzi sita, kila mkuu alikuwa ameungana na wenzake wote watatu.

"Mkinipa siku tatu," Nzilani akasema, "wawili kati ya hawa wanne lazima wakutane siku moja. Haya, mwaitu, nichagulie wawili wasio na uzi kati yao."

Munyiva akamshikisha jirani nyuzi zake, akazunguka akizigusa moja moja kwa kidole. Akazunguka tena.

"Ni nne," akasema, akaketi.

Kikundi cha kuku, ambacho hakikuwa na mtu hata mmoja wa vyondo, kikapewa siku moja na wasukaji, na hakuna aliyebisha tena. Nzilani alirudi nyumbani na furaha isiyo na kifani. Kumbe sababu haikuwa adhabu ya mwalimu. Ilikuwa heshima unayompa mtu asiyeona unachoona, ashike uzi mwenyewe.

Mtihani wa kurudia uliuliza rangi chache kabisa zinazotosha kupaka ramani ya wilaya saba, wilaya zinazopakana zisipate rangi moja. Nzilani aliona nne, akaandika nne, akageuza ukurasa. Kisha akamkumbuka Munyiva. Kwa nini si tatu? Akarudi kutafuta wilaya nne zinazopakana zote kwa zote. Hazikuwepo. Akajaribu rangi tatu, zikatosha. Akafuta, akaandika tatu, na chini yake sababu, mstari kwa mstari.

Matokeo yalipotoka alimfuata Munyiva mtaroni, siku ya Jumamosi, maji ya mvua ya kwanza yakiwa yametulia vizuri ndani yake.

"Umepita?"

"Nimepita, mwaitu! Sabini na moja kwa mia."

Munyiva aliegemea jembe, akafikiri. "Na hizo ishirini na tisa zilienda wapi?"

Nzilani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaketi ukingoni mwa mtaro, akakunjua karatasi yake, akaanza kumweleza, moja baada ya nyingine, zilikoenda na kwa nini.