Harusi ya Mwezi wa Tano

Shifa, jirani yangu wa hapa Kibokoni, kazi yake ni kupaka maharusi hina, na kwa ajili ya kazi hiyo nusura azeeke bila kuolewa. Agosti, shule za Ulaya zikifungwa, jamaa za watu humiminika kutoka London na Maskati, na kila nyumba inataka kuoza binti. Disemba ndiyo balaa zaidi. Mchumba wake, Taib, hutembeza wageni Ngomeni, kwenye ile ngome ya kale, na miezi hiyohiyo watalii hawampi nafasi hata ya kumeza mate. Oktoba akidhani atapumua, huja watu wa mikutano na tai zao. Harusi ikaahirishwa mpaka mimi nikachoka kuulizwa.

"Tufanye mwezi wa tano," alisema Taib. "Hakuna wageni, hakuna kazi."

"Wala hakuna watu," Shifa akajibu. "Mwezi wa tano yuwaja nani? Niolewe na mvua?"

Aliogopa kweli. Miaka yote amepamba wenziwe katika nyumba zilizojaa, na kukaa yeye mbele ya mikeka mitupu kulimuuma. Lakini alikubali, maana alimpenda yule bwana wake.

Siku ya hina ilipofika akaleta ukaidi wake: atajipaka mwenyewe, kwani mjini hapa haamini mkono wa mtu. Wa kushoto ukapendeza. Wa kulia, akipaka kwa kushoto, ukatoka maua yaliyolegea kama mchicha wa jana. Nikacheka, kisha nikaona analia, nikaona haya.

Nikampigia simu Tumu wa Tudor, mpakaji hina mwenzake, ambaye hawajasemezana naye tangu wanyang'anyane bibi harusi mmoja wa Ganjoni.

"Msimu huu niko bure, mwanangu," akasema Tumu. "Sote tuko bure. Naja."

Akaja na wapaka hina wa kisiwa kizima, wamelowa chapachapa. Nyuma yao wakaja wapishi, washonaji na waimbaji, wanawake ambao kila harusi huiingia kwa mlango wa jikoni. Tumu akaufuta ule mkono wa kulia, akaanza upya.

Hina ikiwa mbichi, Shifa hakuweza kushika kitu. Tumu akamega sambusa, akampelekea mdomoni.

"Kula, bibi harusi."

Shifa akala huku machozi yakimtoka, na mle ndani hapakuwa na pahali pa kukaa.