Nimempa Mwalimu wa Mwende Mchi

Wewe Musyoka, uliitwa kufundisha, hukuitwa kumfanyia mtu kazi yake!

Jamani, sikieni ya leo hapa Migwani.

Chuo kimefungwa. Mjukuu wangu Mwende, anayesomea uinjinia mwaka wa kwanza, ana mtihani wa kurudia wa kuchora mashine. Akianguka tena, anafukuzwa.

Basi Musyoka wa mwaka wa nne akaja kumwongoza.

Natoka shamba, nakuta nini? Mwalimu anachora. Mwanafunzi anachemsha chai!

"Susu, bibi yangu, namsaidia tu," akasema Musyoka.

"Na siku ya mtihani utaingia naye?"

Akaendelea kuchora.

Nikampokonya penseli, nikampa mchi. "Twanga haya mahindi ya muthokoi, yatoke maganda. Mikono itwange, mdomo ufundishe."

Mwanaume kwa kinu! Majirani walicheka mpaka wakashikilia ua.

Lakini Mwende alichora. Mstari ukapinda, akafuta, akauliza, akachora tena. Musyoka, jasho likimtoka, akapaza sauti: "Hapo sawa! Sasa weka tundu la bolti!"

Nyinyi mliocheka, niambieni nimekosea wapi.

Musyoka, kesho asubuhi urudi, mahindi bado yapo. Na wewe Mwende, chai nitapika mimi. Usimpe mtu penseli yako.