Vikombe vya Plumbum

Wanafunzi walimbandika jina la Mama Kilatini, wala si kwa ubaya. Walimu wengine wa kemia wanakuandikia Na ubaoni, wanakwambia ni sodiamu, na ukiuliza hiyo Na imetoka wapi unaambiwa kariri tu, acha maswali. Yeye alisimulia. Natrium, ferrum, argentum: aliyatamka majina hayo ya Kilatini kama anayetaja shangazi zake, na hakuna aliyesinzia darasani kwake.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote alikuwa nyumbani, binti yake wa miaka minne, waliyemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama alimuuliza akimwogesha.

"Fe?"

"Chuma."

"Au?"

"Dhahabu."

"Pb?"

"Baba."

Hapo wote watatu, na baba aliyekuwa akiwasikiliza, walicheka mpaka mbavu zikauma. Pb ni risasi, ile metali nzito na laini, na baba yake alikuwa fundi wa betri za magari. Uani aliyeyusha risasi ya betri zilizokufa kwenye sufuria kuukuu, akaimimina upya. Siku moja, risasi iliyobaki akaifanya vikombe vidogo vya kuchezea. Kasuku akavipenda kufa. Hata maji ya limau alitaka atiliwe humo, na mama yake, msomi mzima wa kemia, akamtilia.

Kisha Kasuku akaanza kunyamaza. Alilalamika tumbo, akasukuma sahani, akanuna bila sababu. Wakasema ni minyoo. Wakampa dawa, wakangoja.

Sasa siku hiyo darasani zamu ilikuwa ya Pb. Mwalimu akaeleza, kwa mbwembwe zake zote, kwamba Warumi waliiita risasi plumbum, wakaitumia kutengeneza mabomba ya maji, na bila kujua wakanywa sumu.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, mtoto akiingiwa na hiyo sumu anakuwaje?"

"Tumbo linamsokota," akajibu harakaharaka, maana jibu hilo alikuwa nalo kichwani tangu enzi za mitihani yake. "Anapauka. Hana hamu ya kula. Anakasirika ovyo. Hata maneno aliyokuwa anayajua yanaanza ku..."

Hakumaliza. Chaki ikamponyoka. Darasa zima likamtazama akitoka mlangoni bila mkoba.

Alimkuta Kasuku kizingitini, kikombe kikiwa mdomoni. Akampokonya. Mtoto hata hakulia.

"Kulikoni, Mwalimu? Mbona mapema?" mumewe akauliza kutoka uani.

"Zima moto."

"Namalizia hii moja tu, kisha..."

"Zima moto, Baba Kasuku. Tunampa mtoto sumu."

Akamweleza yote. Fundi akatazama sufuria, akatazama mikono yake, nyeusi kwenye kila mstari wa kiganja.

"Ina maana wewe ulikuwa unajua?" akauliza taratibu.

"Nilikuwa najua."

Na kweli alijua. Alijua kwa ajili ya mtihani, akapata alama zake, akaufunga ujuzi huo kabatini pamoja na cheti. Mtu anaweza kufundisha kitu miaka na miaka kisimguse hata ukucha. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane.

Hospitalini Kasuku akatolewa damu. Hakuipigia sindano kelele, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Wakaketi kwenye benchi kungoja majibu, mtoto katikati yao. Mama aliogopa. Aliogopa mlango ufunguke, aliogopa usifunguke, na zaidi aliogopa swali lililomkaa kooni. Likamshinda.

"Fe?" akanong'ona.

Kasuku akamtazama midomo. Kimya.

"Au?"

Kimya.

"Mwache apumzike," fundi akasema.

Lakini mama hakuweza tena kujizuia. "Pb?"

Mtoto akakunja uso, akatafuta, akatafuta tena. Kisha macho yakamng'aa kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Baba," akasema.

Akamgeukia mama, akamgeukia baba, akingoja wacheke.