Maji ya Sahani ya Maabara

Kidonda cha mguu wangu kilianza wakati wa kuanika karafuu. Nilichomwa na kijiti, na mie nina sukari, basi kikakataa kufunga. Daktari wa Wete akasema mguu huenda ukakatwa. Jina lake nalikumbuka, ila siliandiki.

Mjukuu wangu anafanya kazi maabara, Dar es Salaam. Alipokuja kunitazama alinieleza kazi yake ya kutafuta dawa ya vidonda. Wanakuza seli kwenye sahani, wanazikwaruza mstari, kisha wanatia peptidi, vipande vya protini walivyovitengeneza wenyewe. Seli husogea polepole mpaka mwanya ukaziba.

Mie nimekunywa kombe tangu utotoni. Aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, ikaoshwa, mgonjwa akanywa yale maji. Nikamwambia, "Basi nioshee sahani moja ya huko kwenu, mwanangu, uniletee maji ninywe."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Aliponiona sicheki, akaniambia:

"Bibi, ile haijajaribiwa kwa mtu. Sahani haina figo wala moyo."

"Unaninyima mie nilokulea?"

"Ndiyo maana sikupi nisichokijua."

Nikamnunia siku mbili. Siku ya tatu akanipeleka hospitali. Walikata vidole viwili, mguu ukabaki. Alikaa kitandani kwangu akilia, nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga. Nikamwambia arudi kazini kwake, na siku watakapoanza kujaribu kwa watu, kama ningali hai, waniite mie.