Nilizaliwa Laini

Leo Jumatatu, mwaka wa sitini tangu niondoke Kilosa, nimeambiwa nimechanganyikiwa.

Na nimeshinda!

Nilikwenda duka la simu hapa Mwanza ili wanifungulie laini yangu iliyofungiwa. Ndiyo namba pekee anayoijua dada yangu aliyeko Mikumi.

Binti wa kaunta akauliza, "Babu, ulizaliwa wapi?"

"Laini."

"Laini tutaifikia. Nauliza ulikozaliwa."

"Nami nakujibu. Nilizaliwa laini, Kilosa."

Akamgeukia mwenzake. "Mzee kachanganyikiwa huyu. Aje na mwanawe."

Sikuondoka, jamani.

Nikamwambia Mwingereza alikuwa na neno moja fupi, akalitumia kwa kila kitu. Mkonge ulipandwa kwa laini. Treni ilipita kwenye laini. Alfajiri baba zetu, manamba, vibarua wa mkataba wa shamba la mkonge, walipangwa laini wahesabiwe. Jioni walirudi kulala laini, zile nyumba za vyumba vilivyoshikana. Humo ndimo mama alimonizaa.

"Kitu kimoja tu hakikuwa laini, binti yangu. Mkonge wenyewe. Ulichoma!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Binti akasimama.

"Shikamoo tena, babu."

"Marahaba. Andika Kilosa."

Laini ikafunguka palepale, nikampigia dada.

"Kumbe uko hai! Rudi basi tukuone."

(Kwenu laini ilikuwa nini? Niambieni hapo chini.)

Nilimjibu dada ukweli. Wazazi tulishawazika, zile nyumba zilishabomolewa, na wajukuu wangu wote wako huku.

Sitarudi.